Tonge Kooni

Sogea hapa karibu nikutegee moja. Nimemtoa tumbo lote nikaliweka mezani, bado ana tonge kooni. Ni nani huyo?

Usinipe mji, mji wako sina haja nao. Wala usikimbilie kusema ni samaki, maana kila ninayemtegea hunijibu samaki. Lifunge fumbo lako kwenye ncha ya kanga, tutalifungua mbele ya safari.

Alikuwapo mshonaji mmoja, bibi wa watu, mkono wake mwepesi na ulimi wake mwepesi zaidi. Mumewe alikuwa sonara. Yule mzee alirithi vitu vitatu kwa baba yake, naye sonara: duka, kikohozi, na bastola ya chuma yenye kibali chake halali. Sonara hutembea na dhahabu za watu, na wezi wanalijua hilo kuliko hata mkewe. Basi kila asubuhi aliichomeka magazini yenye risasi ndani ya bastola, bastola akaitia kiunoni, akaenda zake.

Jioni akirudi alikuwa na ada yake. Alivua viatu, akaitoa magazini, akauelekeza mdomo wa bastola darini na kuvuta kifyatulio. Kilikwenda na kurudi kama jino linalolegea, bila mlio wowote.

"Imelala," alisema. Ndivyo alivyofundishwa na baba yake: toa magazini, vuta, isipolia imelala.

Magazini aliifungia kwenye kasha juu ya kabati, ufunguo ukabaki shingoni mwake. Na bastola yenyewe? Bastola isiyo na magazini ni nini, kama si pande la chuma? Bibi aliichukua akaiweka kwenye meza ya kukatia.

Ndiyo, usinitolee macho. Hariri na satini ni vitambaa vyenye kiburi, ukivikata huku vinakimbilia kule. Bibi alijaribu kuvikandamiza kwa mawe yakavichafua, akajaribu pasi ikamuunguza. Bastola ilikuwa nzito, laini, haikwaruzi, tena ina mpini. Aliilaza juu ya karatasi ya vipimo, mpini upande wake ili aunyakue upesi, akakata kola na mikono ya magauni ya maharusi wa mtaa mzima. Jioni ndiyo ilikuwa saa yake ya kukata. Mjukuu wake alikaa naye kwenye kigoda chake kule mwisho wa meza, akitunga vifungo kwenye uzi na kusema bila kumeza mate. Kwa maneno yake yale walimwita Chiriku.

Sasa umri haumwachi mtu. Nyonga za sonara zikaanza kulalamika. Uzito wa chuma ulimvuta suruali upande mmoja, akawa anatembea huku ameishika kama mtoto aliyeachishwa nepi juzi.

"Mzee wangu," Bibi alimwambia, "siku moja mwizi atakukuta unapandisha suruali, akuhurumie akupe nauli."

"Nimesikia kuna za kisasa, za plastiki ngumu," alijibu sonara. "Nyepesi kama kijiko. Yule fundi wa silaha anakubali kubadilishana."

"Plastiki! Utakwenda kupambana na majambazi au kuoga kwa kata? Na ukiichukua hiyo, mimi nitakandamizia nini kitambaa?"

Sonara alicheka mpaka kikohozi kikamshika. Asubuhi, Chiriku alipokwenda shule, wakafunga safari wote wawili. Bibi aliiviringisha bastola ya chuma kwenye kipande cha satini, akaitia ndani ya kikapu chake na kukipakata. Hakutaka iende kwa mgeni bila yeye kuiaga. Magazini ilikuwa mfukoni mwa mumewe.

Fundi wa silaha alikuwa mtu wa makamo mwenye miwani iliyofungwa uzi kisogoni. Duka lake lilinuka mafuta ya mashine, harufu ambayo Bibi aliifahamu vizuri. Akawaamkia kwa heshima, akauliza, "Hiyo ya chuma ni tupu, mzee?"

"Tupu. Magazini hii hapa."

"Kaeni nayo kwanza, tujaribu hii mpya. Mama, wewe unasemaje? Chuma au plastiki?"

"Mimi nasema chuma, mwanangu. Hiyo yako upepo ukipuliza itaruka pamoja na kitambaa." Akamweleza habari za meza yake ya kukatia. Fundi akacheka, akasema hajawahi kuuza bastola ya kushonea.

Nyuma ya duka palikuwa na banda la shabaha, viroba vya mchanga vimepangwa hadi kifuani, juu mabati. Bibi akapewa kiti kule nyuma, kikapu mapajani, na vidude vya kuziba masikio. Sonara akaishika ile ya plastiki, akaipimapima mkononi. Uso ukamng'aa kama kijana aliyevaa kiatu kipya. Akapiga shabaha mara kadhaa, viroba vikatoa vumbi.

"Mke wangu, ona! Haina hata uzito wa sahani!"

"Basi ilaze, tuongee bei," alisema fundi. Akageuka kuchukua kitambaa cha kufutia.

Sonara akafanya kama afanyavyo jioni zote za maisha yake. Akaitoa magazini na kuiweka mezani. Akauelekeza mdomo juu. Akavuta.

Ililia.

Ewe msikilizaji wangu, ililia ndani ya lile banda kama mbingu imepasuka. Bibi alikuwa ameshatoa vizibo vyake. Masikio yakamjaa mvumo, na kwa muda aliona midomo ya watu ikienda bila sauti. Juu kwenye bati palikuwa na tundu. Mwale wa jua ulipenya pale ukaangukia kwenye goti lake. Akautazama ule mwale, asielewe umetoka wapi.

Sonara alikuwa amesimama vilevile, mkono juu, vumbi la bati limemwagikia kofia. "Nimeitoa magazini," alisema. "Nimeitoa. Hii hapa. Nimeitoa."

Fundi aliitoa ile bastola mkononi mwake taratibu, kidole kwa kidole. Alikuwa amepauka. "Mzee, ukipiga, risasi inayofuata hupanda yenyewe kwenye chemba. Kutoa magazini ni kutoa tumbo. Ile iliyokwisha kufika kooni inabaki palepale. Ni lazima uvute hili bamba la juu, itoke, kisha uchungulie kwa macho yako. Nani alikufundisha kuvuta kifyatulio?"

"Baba. Ya chuma haijawahi kulia. Miaka yote hii."

"Kwa sababu zile za chuma za aina hiyo zina kizuizi ndani. Ukitoa magazini, kifyatulio kinakufa ganzi, hata kama—"

Akageuka polepole kumtazama Bibi, kisha kikapu.

"Bamba la hiyo ya chuma, mzee, uliwahi kulivuta?"

"Baba alinikataza nisiichezee. Siku aliyonikabidhi alipiga risasi mtini mara mbili, akatoa magazini, akasema imelala. Mimi nachomeka na kuchomoa tu. Sijawahi kupiga."

"Mama," fundi alisema kwa sauti ndogo, kama mtu anayezungumza na aliyebeba mtoto mchanga, "usinyanyuke. Usiguse kitu."

Alikuja akapiga magoti mbele yake. Akaitoa satini pamoja na kilichomo kwa mikono miwili, akaenda nayo hadi kwenye pipa la mchanga, akauzamisha mdomo wa bastola humo ndani. Akalivuta bamba. Liligoma. Akalivuta tena.

Risasi ikaruka, ikadunda sakafuni, ikabingirika hadi kwenye kiatu cha Bibi.

Shaba yake ilikuwa imeota ukungu wa kijani, kama pete ya bei rahisi. Ilikuwa imekaa mle tangu mkwewe yu hai. Bibi aliitazama. Alitaka kusema jambo la kuchekesha, kwa maana hakuwahi kukosa, akaishia kuuvuta mguu wake kando.

"Kosa ni langu pia," fundi alisema huku akijifuta jasho. "Nilipaswa kuikagua pale mlangoni, si kuamini maneno ya mdomo. Mama, huko nyumbani, ilishawahi kuanguka?"

"Imeanguka," alijibu Bibi. "Kitambaa kikivutwa inakwenda nacho."

"Ingeangukia nyundo yake ya nyuma, na uzee wote huo, isingengoja magazini wala kifyatulio." Akainama, akaiokota ile risasi. "Na pale mezani, mdomo wake ulikuwa unaelekea wapi?"

Bibi alinyanyuka, akakisahau kikapu, akatoka.

Sonara aliziacha bastola zote mbili kwa fundi, akasema atampigia simu. Walipita kwa muuza vifungo, wakapita kwa jirani aliyewauliza mmepatwa na nini. Njia nzima Bibi alitembea akiangalia mikono yake. Mumewe alimwuliza mara moja, "Mama watoto, mdomo wake ulikuwa unaelekea wapi?" Hakumjibu, naye akaogopa kurudia.

Nyumbani, Bibi alitandaza satini ya bibi harusi juu ya meza, akachukua mkasi, asikate. Kitambaa kikateleza pembeni, akakiacha kiteleze.

Mara mlango ukafunguliwa kwa kishindo. "Shikamoo Bibi, shikamoo Babu, leo mwalimu kapiga chafya mpaka chaki ikaanguka, tukacheka, akasema nani kacheka, mimi nikasema si mimi, Bibi, vifungo viko wapi?" Chiriku akatupa mkoba, akavuta kigoda chake kule mwisho wa meza, akakaa. Kichwa chake kilichomoza juu ya satini, kikiwa sawasawa na ubao wa meza.

Simu ya sonara ikalia. Alikuwa fundi, na sauti yake ilisikika chumba kizima.

"Mzee, samahani kwa usumbufu. Nataka kufunga duka. Niandike ipi, chuma au plastiki?"

Sonara aliifunika simu kwa kiganja. Akamtazama mkewe.

"Mke wangu, nisaidie. Uliulizwa ukanyamaza, na mimi siwezi kumjibu mtu huyu kabla hujanijibu. Mdomo wake ulikuwa unaelekea wapi?"

Chiriku aliingiza uzi kwenye kifungo chekundu, akaulamba ncha, akaingiza cha pili.

Bibi aliweka mkasi chini. Akaulaza mkono wake mtupu juu ya meza, palepale bastola ilipokuwa ikilazwa, kiganja upande wake kama mpini, kidole kimoja kimenyooka mbele.

"Hapo," alisema. "Hapo alipokaa. Kila jioni."