Hati Isiyo na Kasoro

Kwa miaka thelathini Kifungu alikaa na taipu yake nje ya ofisi ya ardhi akiwaandikia watu karatasi zao, na kila aliyetaka hati ya uwakilishi alipewa somo la bure: "Weka kikomo. Ukimpa mtu sahihi yako bila kikomo, umempa na shingo." Kisha yeye mwenyewe, alipokwenda kutolewa mtoto wa jicho, akampa shemeji yake hati isiyo na kikomo. Mtu mzima na akili zake.

Alichohitaji kilikuwa kidogo tu: shemeji, mume wa dada yake, amchukulie hati miliki mpya ya kiwanja wakati yeye amefungwa macho. Mistari minne ingetosha. Lakini mistari minne ni kazi ya wanagenzi, na Kifungu alijihesabu bingwa. Akashusha kurasa mbili nzima: kupokea, kugawa, kuuza, kuhamisha, "kwa mtu yeyote, hata yeye mwenyewe". Hayo maneno matatu ya mwisho aliyatia kwa sababu sentensi ilimkatikia vibaya masikioni. Shangazi yake, aliyemlea tangu mchanga na ambaye bado aliishi kwenye nyumba ya kiwanja hicho, aliitwa aweke dole gumba kama shahidi, shemeji akiwa kando.

"Si uandike basi kwamba ni mpaka utakapopona," shangazi alisema.

Kifungu alicheka mpaka akashika meza. "Shangazi, sheria haipikwi jikoni."

Macho yakapona. Kitu cha kwanza alichosoma nayo kilikuwa barua ya shemeji ikimtaka shangazi ahame, kwa kuwa kiwanja kilikuwa mbioni kuwa cha shemeji.

Asubuhi ya kwenda kwa msajili wa ardhi aliisoma hati yake mara sita akitafuta kosa. Tarehe, nukta, chochote. Kwa wateja alikosea kila wiki. Hapa, kwa balaa lake, alikuwa ameandika vizuri kupita kiasi.

Msajili, mama mmoja mwenye miwani ya kuning'inia, aliipekua taratibu mbele ya Kifungu, shangazi na shemeji. "Aliyeandika hii ni fundi kweli."

Kifungu akavimba kifua kabla hajajizuia. "Ni mimi, mheshimiwa," alisema, na papo hapo akatamani ardhi ipasuke immeze.

"Mwenyewe kaandika," shemeji alidakia, suti imemkaa vizuri. "Hata yeye mwenyewe. Na yeye mwenyewe ndiye mimi."

"Kuifuta kuanzia leo ni rahisi," msajili alimwambia Kifungu. "Tatizo ni huu uhamisho, umeshafika mezani kwangu. Nitausimamisha nikipata kiapo cha shahidi kwamba hati ilikuwa ya kazi moja, na shemeji yako alijua. Shahidi unaye?"

"Anaye," shangazi alisema, akainua dole gumba.

Wakatoka hadi kwenye meza ya Kifungu. Akapachika karatasi, vidole vikaanza mbio: Kwamba mtoa mamlaka, akiwa katika udhaifu wa mwili na amezungukwa na hila...

"Soma ulichoandika," shangazi alisema. Akasoma. "Ulizungukwa na nani? Tulikuwa watatu, na aliyekuwa anacheka ni wewe."

"Hilo haliandikwi, Shangazi."

"Basi dole langu halitoki hapa. Siweki kwenye uongo."

Wapiga taipu wa meza za jirani walikuwa wameacha kupiga na kutega masikio, wote sita. Kabla ya adhuhuri mtaa mzima ungejua. Kifungu alimtazama bibi yule aliyeshika funguo za nyumba kwa mikono miwili, na akaona haya, haya hasa, kwamba hata sasa alikuwa analinda jina lake badala ya paa la shangazi. Akaichomoa karatasi, akaikunja, akapachika nyingine.

"Sema, nitaandika."

Shangazi akasema, naye akaandika bila kuongeza neno: Nilimwambia aandike kwamba ni mpaka atakapopona. Mume wa mpwa wangu akasema, ni kweli Shangazi, ni ya siku za matibabu tu. Mwanangu alinicheka.

Msajili alipoisoma alimgeukia shemeji. "Ulisema hivi?"

Shemeji aliangalia viatu vyake. "Nilisema. Lakini haikuandikwa."

"Sasa imeandikwa." Akagonga mhuri wa zuio. Uhamisho usingeendelea; mengine yangeamuliwa na mahakama, na shangazi asihame.

Huko nje shangazi alikaa kwenye kigoda cha wateja, akaweka funguo mapajani. "Nisomee nakala yangu."

Kifungu akasoma kwa sauti ya chini, haraka haraka, hadi mwisho.

"Pale pa mwisho sikusikia."

Alikuwa amesikia vizuri sana. Kifungu akawatazama wenzake sita, akasimama, na akasoma tena kwa sauti ya kufika barabarani: "Mwanangu alinicheka."




"Hapo," shangazi alisema, "ndipo ulipoandika kama fundi."