Matundu ya Birika la Ubatizo

Birika la ubatizo la kanisa letu hapa Takoma Park, Marekani, ni la jiwe, na lina miaka mia sita. Lilichongwa Uingereza, likakaa katika kanisa la kijiji, kisha likaletwa huku kwa meli. Hayo kila mtu aliyajua. Nilichogundua mimi ni matundu mawili kwenye ukingo wake.

Niliyapata Jumamosi moja. Sisi akina mama wa Kikenya husafisha kanisa kwa zamu. Zamu ya mwenzangu Mumbi ni ya kupiga picha, mimi nasugua. Nta ya mishumaa ilibanduka, kidole kikazama. Nikasoma habari za mabirika ya kale miezi minane kwenye basi nikienda kutunza wazee wa watu, nikaliandikia kanisa la kule. Jibu likaja: zamani mfuniko ulifungwa kwa kufuli kupitia matundu hayo, watu wasiibe maji matakatifu wakafanyie uganga. Nilicheka hadi abiria wakageuka. Kumbe Wazungu nao wana yao!

Nilimwambia Mumbi, rafiki yangu wa miaka kumi na mmoja. Daftari lote nililoandikia utafiti wangu nikampa.

"Jerotich, wacha niku-typie," alisema. "Wewe umechoka na hizo double shift. Jina lako litakuwa juu kabisa."

Kikulacho ki nguoni mwako. Siku ya sherehe ya parokia nilifungua kijitabu cha sherehe, matundu yangu yameandikwa humo: utafiti wa Mumbi. Nililitafuta jina langu hadi ukurasa wa mwisho, penye ratiba ya chai. Halikuwepo. 

Kisha kasisi mgeni kutoka Uingereza akaomba kuonyeshwa matundu. Mumbi akapapasa upande wa mlangoni. Hapakuwa na kitu. Upande haukuwa huo, na nta ya Pasaka ilikuwa imeyaziba tena. Akanitazama, macho yakiniomba. Nikakunja mikono. Na atafute!

"Labda ni hadithi tu," mgeni akasema, akaanza kuondoka.

Hilo sikuliweza. Jiwe halikunikosea. Nikasimama, nikaukwangua ukingo kwa ukucha, nikakishika kidole cha yule kasisi nikakizamisha tunduni. Akafumba macho.

"Mama, wewe umejuaje?" akaniuliza.

Nikafungua kinywa. Mumbi akaniwahi, mkono begani mwangu, tabasamu tele.

"Huyu ni Jerotich," alisema. "Ndiye anayetusafishia kanisa."