Hatua Arobaini Elfu

Mama Pindo alikuwa akikanyaga cherehani tangu saa kumi na mbili asubuhi, sare za shule zimemjaa mapajani, na saa ya afya ameifunga kwenye kifundo cha mguu, chini ya sketi, mahali ambapo hakuna mkaguzi angechungulia.

Kliniki walimpa aivae mkononi. Akaivaa miezi miwili, akakiona cha moto. Mkono wa fundi hutulia juu ya kitambaa kutwa nzima, miguu ndiyo inayochapa kazi. Saa ikamhesabia hatua mia nne kwa siku, na simu ikawa haikomi kumletea maandishi mekundu: hutembei, huzingatii. Asiyezingatia hurudishwa mwisho wa foleni ya dawa, na presha haijui kungoja foleni.

Shoga yake wa cherehani ya pili ndiye aliyempa akili. "Ihamishie mguuni, mwenzangu. Si wanataka hatua? Wape hatua." Wakacheka mpaka wakashikilia mbavu. Tangu siku hiyo Mama Pindo alitembea hatua arobaini elfu kila siku bila kuinuka kitini.

Asubuhi hiyo simu ikaleta maandishi ya kijani: hongera, fika kliniki leo. Kichwa kilikuwa kinamgonga tangu juzi na vidonge vilikuwa vimekwisha, kwa hiyo alijua anaitiwa dawa. Akaihamishia saa mkononi, akaenda.

Karani hakumtazama usoni, alitazama simu aliyomnyooshea. "Umehitimu, mama. Umetolewa kwenye dawa."

"Nimetolewa na nani?"

"Mfumo."

"Huo mfumo umenipima presha lini?"

"Unaikadiria kila siku. Hatua arobaini elfu, mama, hata askari hawafikishi. Wewe mzima kabisa."

Mama Pindo aliinama karibu na meza. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, naye hakutaka kuumbuka. "Mwanangu, nikwambie ukweli. Niliivaa mguuni. Hizo ni hatua za cherehani."

Karani akageuka huku na huku, akashusha sauti. "Hilo usilirudie. Nikiliandika utaitwa mdanganyifu, ufungiwe mwaka mzima. Bora ubaki umepona."

Mama Pindo akapiga hesabu. Akisema kweli, hana dawa. Akinyamaza, hana dawa. Waliokaa ofisini wakabuni jambo hili walilipwa, na pengine walipigiwa makofi.

Nesi aliyempima miaka sita, kabla ya hizo saa, alimwona akishikilia ukuta. Akamvuta chumbani, akatoa kabatini kipimo cha zamani, akakifuta vumbi kwa kiganja, akamfunga mkanda mkononi na kuanza kupampu. Alisikiliza. Akapima tena mkono wa pili.

"Mia moja tisini na nane kwa mia moja kumi na mbili," alisema polepole. "Dada yangu, hutakiwi hata kuwa umesimama."

"Basi niandikie."

"Niandike wapi? Madaftari walishayabeba. Kwenye kompyuta namba zinaingia zenyewe kutoka kwenye saa, mimi sina hata pa kugusa." Akachukua kalamu, akamwandikia namba zile kwenye mkono, kubwa, kutoka kiwiko hadi kiganja. "Mwonyeshe wa dirishani. Labda ana moyo."

Wa dirisha la dawa aliusoma mkono. Vidonge vilikuwa nyuma yake, boksi juu ya boksi. "Mama, kila kidonge kinatoka kwa ruhusa ya simu. Nikikupa kimoja bila ruhusa, jioni naitwa mwizi."

Kabla hajatoka dirishani, jina lake likaitwa. Afisa wa mradi, mwenye shati lililopigwa pasi na viatu visivyojua vumbi, alikuwa anawakusanya waliohitimu mbele ya bango kwa ajili ya picha ya wafadhili. Walikuwa saba. Mmoja alikuwa mzee anayehema kwa mdomo, ameshikiliwa na bintiye, na mikononi ana cheti cha afya njema kama wenzake. Mama Pindo alipopewa chake, kinyaa kilimshika. Kilikuwa kinyaa cha kweli, kile cha kukuta funza kwenye chakula ulichokwisha kula nusu.

"Tabasamu, mama wa katikati," alisema mpiga picha.

Mama Pindo alikiachia cheti kikaanguka sakafuni. Akakunja mkono wa blauzi, akauinua mkono wake mbele ya kifua, namba zikitazama kamera.

"Mama, shusha mkono."

"Piga hivyo hivyo."

"Mama, tafadhali, watu wana kazi."

"Na mimi nina kazi. Piga."

Hakuushusha. Mwishowe mpiga picha alipiga. Afisa akasogea, akaitazama picha kwenye kioo cha kamera, akaikuza kwa vidole viwili mpaka zikabaki nyuso tupu.

"Inafaa," alisema. "Hapa chini tutakata."