Koti la Ngozi Sivai

Mimi nikikataa kitu nimekataa, na Sunny alilijua hilo kabla hatujafika Adams Arcade kushindana na timu ya huko. Bado alinisimamisha nje ya saiba, mbele ya wenzetu wa timu, Joash na Mwololo, akaniambia kwamba siku hiyo lazima nivae koti la ngozi, helmeti, glavu na buti kama wenzangu. Si mimi mwenyewe, jamani, ni mtu wangu wa ndani ya gemu. Lakini alivyonikazia macho ungedhani ananivalisha mimi.

Gemu yenyewe tuliiita Wafu, kwa sababu CD tuliyouziwa ilikuwa imeandikwa hivyo kwa kalamu. Mji umejaa mazombi. Mnaanza watu wanne usiku ndani ya hospitali, na timu itakayofikisha hata mtu mmoja juu ya paa la stesheni ndiyo mshindi. Nguo unaziokota njiani. Ukivaa nzito, zombi likikuuma linatafuna ngozi ya ng'ombe tu. Ukivaa nyepesi unakimbia vizuri, lakini jino moja likigusa mkono mtupu, umekwisha.

Sunny alikuwa kapteni kwa sababu saiba ya Ngara tulikofanyia mazoezi ilikuwa ya baba yake. Sasa sikia vile saiba hiyo ilivyoendeshwa. Muda uliuzwa kwa nusu saa, na nusu saa ikiisha kompyuta inajifunga yenyewe, hata kama ndio unaponea chupuchupu. Kwa hiyo mwaka mzima timu yetu ilikuwa inacheza usiku ule ule mmoja. Hakuna aliyewahi kuona kukicha ndani ya gemu. Na usiku huo koti la ngozi lilikuwa mfalme, hapo sibishi.

Lakini mimi kukicha nilikuona. Nyumbani Mutuini nina kompyuta kuukuu, na siku stima ikikubali nacheza mpaka mama anauliza kama nimeolewa na hiyo kitu. Jua likichomoza kwenye gemu, joto linaingia, na koti linaanza kula pumzi. Kuna mstari chini ya skrini unaoonyesha pumzi yako. Ukiisha, mtu wako hakimbii tena, anajikokota huku anahema. Nilimwambia Sunny hayo zaidi ya mara moja. Alinijibu kwamba ya kwangu ni kopi mbovu. Kopi! Kana kwamba yake ilikuja na risiti.

Pale nje akaniwekea wazi. Nikiumwa bila koti, kiti changu anapewa binamu yake wa Parklands, na mazoezini nisionekane tena. Kutwa nzima nauza vitambaa dukani Ngara, nakata pale mteja anaponionyesha. Nyumbani nakaa ninapoambiwa nikae. Kile kiti cha nne ndicho mahali pekee ambapo kichwa changu kilikuwa na kazi yake, na nilikipenda kuliko nilivyotaka watu wajue. Nilimpita Sunny nikaingia ndani.

Mwenye saiba, mama mmoja wa makamo aitwaye Kanchan, alitukaribisha akasema ametoa ile kufuli ya muda. Tutacheza mpaka mtu afike paani au wote wafe. Sunny akatabasamu, akasema hiyo ni safi sana. Hakuwa ameelewa kitu.

Tukaanza. Usiku ulienda kama alivyopenda, makoti yakiumwa na wenye makoti wakicheka. Mimi nilikuwa na fulana na raba, nikipita vichochoroni, nikiogopa kila kivuli. Sunny alikaa kiti cha jirani na alikuwa akiniona vizuri. Akaniamuru nivae. Nikakataa. Akaniamuru tena, safari hii kwa sauti ya kusikika chumba kizima, nami nikamwambia acheze yake.

Halafu kukakucha. Skrini zikawa nyeupe, na Mwololo wa watu akauliza ni nani amewasha taa. Mistari ya pumzi ikaanza kushuka. Joash alinaswa sokoni akiwa amejifunga kila kitu, akazungukwa, koti likaliwa mpaka likararuka. Mwololo akafuata pale pale. Upande wa pili wa chumba vijana wa Adams walikuwa wanalalamika hivyo hivyo, kwa maana nao walikuwa wamevaa mizigo, na haukupita muda hawakubaki na mtu.

Tukabaki mimi na Sunny. Mimi nilikuwa nimefika ngazi za stesheni, yeye yuko nyuma anajikokota, na kundi linamfuata.

"Nyakio, rudi unisaidie," akasema. Sauti yake haikuwa ya kapteni tena.

"Vua koti."

"Sivui."

"Vua, Sunny, utakufa."

Aki nilimhurumia. Lakini nikirudi tunakufa wawili, na hapo tungekuwa tumeshindwa wote kwa sababu ya ngozi ya ng'ombe. Nikaona vidole vyake vinasitasita, hatimaye akabonyeza. Gemu hiyo inavua nguo moja baada ya nyingine, na inaanzia kwenye glavu. Alikuwa bado kwenye glavu ya pili walipomfikia.

Nikapanda. Katikati ya ngazi zombi moja likajitupa juu ya mkono wangu mtupu, nikahisi nywele zinanisimama mimi niliyekaa kwenye kiti. Likakosa, kwa sababu sikuwa pale tena. Nikatokea paani.

Joash alinipiga kofi la mgongo, Mama Kanchan akapiga makofi, hata wale wa Adams wakaja kutazama skrini yangu. Sunny akavua vifaa vya masikioni polepole. Akasimama, akavuta shati lake chini, akaongea kama mzee anayegawia watoto shamba.

"Haya, Nyakio. Nimekubali. Wiki ijayo utavaa unavyotaka."

"Hata leo nimevaa nilivyotaka," nikamwambia, na kwenye kiti sikuondoka.