Kurasa Alizonyimwa Delphin

Kila Jumamosi alasiri wasomaji hukutana nyumbani kwa Maman Feza, pale Kamembe, mji wa Rwanda ulio mpakani na Kongo. Huketi kwenye makochi yenye vitambaa vya kufuma, na kila mmoja kwa zamu yake husimama akasema anasoma nini na anakionaje. Hakuna ruhusa ya kusema kitabu ni kizuri kisha ukaketi. Lazima useme uzuri wake uko wapi, na ukishindwa, Mwalimu Nzabonimana, mwenyekiti, hukwambia ukisome upya. Mwalimu amestaafu kufundisha shule ya Mibirizi, ni mtu wa maneno makavu, na watu humpenda kwa sababu hiyohiyo.

Jumamosi hiyo Patricie alifika kabla ya wote, akachagua kiti kinachotazamana na kile anachopenda kukalia Delphin. Alikuwa amevaa kitenge chake cha harusi za watu. Alikuja kumwona mtu akiaibika, nami sioni haya kulisema hilo, maana yeye mwenyewe hakuona haya.

Chuki yake ilikuwa na chanzo. Baba yake, Mzee Nsengiyumva, alikuwa msomaji mkubwa tangu walipokuwa wakiishi ng'ambo ya mpaka, Bukavu, kabla familia haijarudi Rwanda. Ugonjwa ulipomlaza na macho yakakataa kazi, Patricie akawa anamsomea kila jioni chumbani, kule Gihundwe, akitoka kwenye famasia anakouza dawa. Kilikuwa kitabu kinene, habari ya mwanamke anayemtafuta kaka yake aliyekwenda kuchimba dhahabu asirudi. Mzee alikipenda mno. Daktari alikuwa amekwisha kusema kwamba hospitali haina tena la kufanya, wampeleke nyumbani, na Patricie akajiwekea imani yake: mtu anayetaka kujua kama kaka atarudi hawezi kufa kabla ya kujua. Kwa hiyo alimpimia hadithi kama anavyopima dawa kazini. Kurasa tatu kwa jioni. Mzee akiomba wa nne, anambusu kwenye paji la uso, anafunga kitabu.

Jioni moja Delphin alikuja kumwona mgonjwa, na mfuko wa machungwa mkononi. Delphin ni mtu wa Bukavu, anashughulikia makaratasi ya mizigo hapo mpakani, na kitabu hicho alikuwa amekwisha kukisoma. Tena ana kasoro moja ambayo kundi zima linaijua: kitabu chochote anakianza nyuma. Anasoma ukurasa wa mwisho, anaridhika, ndipo anarudi mwanzo. Patricie alikuwa jikoni anakoroga uji wa mtama. Kupitia pazia akasikia sauti ya Delphin ikisema taratibu, "Sasa Mzee, kwa ukurasa wa mwisho kabisa..." Uji ukafurika, akakimbilia sufuria, na aliporudi chumbani Delphin alikuwa kimya, Mzee amefumba macho. Usiku ule Patricie alipofungua kitabu, baba yake akamwambia apumzike, wasisome. Keshokutwa yake Mzee akafariki.

Basi fikiri mwenyewe. Binti amejenga ukuta wa kurasa tatu tatu kati ya baba yake na kaburi, halafu anakuja mtu na machungwa yake, anaubomoa kwa dakika chache, anakunywa uji, anaaga. Patricie hakulia msibani. Alimwangalia Delphin akibeba viti vya wageni, akamchukia kwa moyo wake wote, akajiambia kwamba huyu atalipa.

Na njia ya kumlipizia kisasi ilikuwa mikononi mwake tayari, kwa sababu Patricie ndiye mtunza vitabu wa kundi. Hapa kwetu kitabu kipya hakinunuliwi na kila mtu. Maman Feza huvuka kwenda Bukavu kufuata viatu vya kuuza, na katikati ya viatu hurudi na kitabu kimoja, viwili, vilivyokwisha kupita mikono mingi. Nakala ni moja, wasomaji ni wote. Inazunguka nyumba hadi nyumba, na anayepanga nani aanze na nani afuate ni Patricie.

Kwanza alileta sheria. Baada ya matanga alisimama mbele ya kundi, akaomba kwa sauti ya upole kabisa kwamba kuanzia siku hiyo mtu yeyote asimsimulie mwenzake mwisho wa kitabu ambacho mwenzake hajakimaliza. Wote wakakubali. Delphin ndiye aliyekuwa wa kwanza kunyoosha mkono, jambo ambalo lilimchoma Patricie zaidi kuliko kama angepinga.

Kisha akamweka Delphin wa mwisho kwenye mzunguko wa kila kitabu. Na kila kitabu kilipotoka kwa wengine kikirudi kwake kabla ya kwenda kwa Delphin, alichukua wembe mpya wa famasia, akakata kurasa za mwisho taratibu, karibu kabisa na mshono. Alizisoma mara mbili, maana hakuwa mtu wa kuharibu kitu asichokijua, halafu akaziingiza chini ya sufuria ya maharage. Siku hizo maharage yaliiva vizuri. Sitanii, alisema mwenyewe kwamba hajawahi kula kwa hamu vile.

Vitabu vitatu vilipita namna hiyo. Jumamosi baada ya Jumamosi, Patricie alikaa akimtazama Delphin akipungua. Zamani zamu yake ilikuwa tamu, watu wakicheka, anapinga, anaigiza sauti za wahusika. Sasa alisimama akasema kwamba kitabu ni cha zamani, karatasi zimeanguka, hawezi kutoa maoni juu ya nyumba ambayo hajaona paa lake. Wengine wakitaka kujadili mwisho, Mwalimu aliwanyamazisha kwanza kwa kumwonea huruma, na Delphin alitoka kwenda barazani mpaka aitwe. Mtu mzima, mwenye watoto, anatolewa nje kama mtoto wakubwa wanapotaka kuzungumza. Patricie alikunywa chai yake taratibu na kila funda lilimshukia vizuri.

Ndiyo maana Jumamosi hii alivaa kitenge cha sherehe. Alijua kitabu cha tatu kilikuwa kimemfikia.

Uwineza, msichana anayesomea uuguzi, ndiye aliyeanza. Alikuwa anasoma riwaya ya wake wawili wa mwanamume mmoja, akasema mwandishi anampendelea mke mdogo waziwazi na yeye hilo limemkera. Maman Feza akampinga, akasema mke mkubwa hapendeki hata na Mungu. Kukawa na kicheko. Halafu zamu ikamfikia Delphin.

Alisimama na kitabu mkononi, hakukifungua. Alisema kwa utaratibu kwamba usingizi wake umekuwa mbaya, na wenzake wasimcheke, atawaeleza sababu. Alikimbia vita mara tatu maishani. Kila mara alikuwa na kitabu, na kila mara alikiacha katikati, kitandani, mezani, mara moja mlangoni. Vitabu hivyo hakuviona tena. Tangu hapo huanza na mwisho, ili hata akitimuliwa leo awe ameondoka nao. Kisha akakigeuza kitabu, akakifungua mwishoni, akawaonyesha mshono wa kurasa kwa ndani.

"Karatasi ya kuanguka inapasukaka hovyo," akasema. "Hii imekatwa na wembe. Na zile mbili pia. Muntu iko ananikatia, na miye sijue nilimukosea nini."

Mwalimu akavua miwani. Patricie angeweza kukaa kimya, hakuna ambaye angemshuku. Lakini kisasi kisichojulikana kilikuwa kimeanza kumchosha. Alitaka Delphin ajue ni nani na ni kwa nini, na alitaka ajue mbele ya watu. Akasimama.

"Ni miye," akasema. "Nilikata, nikachoma. Na nitakata tena."

Akawaeleza wote. Pazia, uji, ukurasa wa mwisho, Mzee kukataa kusomewa usiku ule. Sauti yake haikutetemeka. Alisema kwamba Delphin alimwua baba yake kwa ulimi, na kwamba kama angekuwa na uwezo angemkatia mwisho wa kila kitu, wa kila habari, wa kila wimbo, aishi katikati mpaka afe. Maman Feza alishika kifua. Patricie alikuwa na furaha ile ya mtu aliyebeba mzigo mzito kichwani na hatimaye kuuangusha kwenye mguu wa adui yake.

Delphin alikuwa amekuwa mweupe midomoni. Akasema kwa sauti ndogo kwamba watoke nje kidogo, amwambie neno pembeni.

"Hapana," akasema Patricie. "Semea hapa. Batu bote basikie."

Delphin akamtazama Mwalimu, kama anayeomba kukatazwa. Mwalimu hakumkataza.

"Ni Mzee aliniita," akasema. "Alinipigia simu, akasema nikuje saa ile Patricie iko mu jikoni. Aliniambia hivi: 'Delphin, mutoto wangu ananisomea kurasa tatu, tatu. Anafikiri sijue juu ya nini. Anafanya vile ili nisikufe. Na miye nimechoka, maumivu ni mingi, lakini nikienda na kitabu haijaisha, ataona nimemutoroka. Niambie mwisho, nipate kwenda.' Nilikataa. Akaniomba tena, akalia. Nikamwambia."

Patricie alitaka kusema ni uongo. Zile kurasa tatu zikamzuia. Hakuwahi kumwambia mtu, si jirani, si Maman Feza, si padri. Ilikuwa hesabu yake na kitabu. Hata kwa baba yake hakuwahi kuitaja, akidhani mzee hahesabu. Na sasa aliuelewa ule ukurasa wa nne alioombwa jioni nyingi, akaukataa kwa busu. Alikuwa amedhani ni utamu wa hadithi. Kumbe baba yake alikuwa anaomba ruhusa, na yeye anamnyima, jioni baada ya jioni, mtu mwenye maumivu yale.

Alibaki amesimama. Hasira yake ilikuwa bado nzima, ila ilianza kumgeukia yeye mwenyewe, naye hakuwa na pa kuikimbilia.

"Ulipomwambia," akauliza, "alisema nini?"

Delphin akakifunga kitabu.

"Alicheka kidogo. Halafu akasema, 'Usimwambie Patricie. Yeye hajafika.'"

Uwineza akaanza kulia wa kwanza. Maman Feza alitaka kuinuka amshike Patricie bega, Mwalimu akamfanyia ishara aache. Nje pikipiki zilikuwa zinapiga honi kama siku zote za soko.

Patricie hakuomba msamaha. Huenda aliomba siku nyingine, huenda hakuomba kamwe. Alichofanya ni kuvuta kiti chake mpaka mbele ya Delphin, akaketi, akamwambia na yeye aketi. Mwalimu alipoona anataka kufanya nini, akakumbusha kwa sauti ya chini kwamba kuna sheria, na kwamba Delphin hajavimaliza vyote vitatu. Delphin akasema haidhuru.

Patricie akaanza na kitabu cha kwanza, pale wembe ulipopita. Alikuwa amezisoma kurasa zile mara mbili na alizikumbuka vizuri, nani alisema nini, nani alifunga mlango, mvua ilinyesha au haikunyesha. Alisimulia taratibu, kwa sauti ile ya chumbani Gihundwe. Alipomaliza kitabu cha kwanza Delphin akashukuru, akasema inatosha kwa leo. Patricie akasema haitoshi. Akaendelea na cha pili, akaendelea na cha tatu, mpaka neno la mwisho, na muda wote huo hakuthubutu kumtazama usoni.