Tulisema ni Chawa

...na ananiuliza tena, kwa sauti ile ya kumbembeleza ndama aliyekataa kunyonya, "Mama Mampolokeng, na ninyi wakubwa mlikuwa na chawa?", nami nimekaa kwenye kiti cha plastiki cha kutosha tako moja, mwanamke wa miaka sitini na tisa, huku yeye Lineo, msomi wa akili za watoto, amejitandaza sakafuni kama paka pamoja na mjukuu wangu na sanduku la mchanga, kumbe kucheza mchanga nako ni kazi, watoto tisa nimelea mimi na hakuna aliyenisomesha... chawa, ndiyo, tulisema chawa, alitaka tuseme nini, watu wametoka kuzika, wembe uko tayari, kwetu Basotho maiti akishazikwa jamaa wote wananyolewa, mkubwa kwa mdogo, na Limpho kasimama mbele yangu na misuko aliyosukwa na mama yake kabla ya kulazwa, bibi, kwa nini?, na dada yangu Mosele, mdomo mbele kama kawaida, "Chawa, mjukuu wangu, chawa wameingia nyumbani", kisha akanivuta kando, "Mtoto wa miaka sita haambiwi kifo, wewe, mwambie mama yake kaenda Gauteng, ng'ambo ya mpaka, kutafuta kazi, nusu ya nchi iko Gauteng, nani atauliza?", nikamwambia, na kitambaa changu cheusi cha msiba nikakificha chini ya blanketi, na tangu siku ile Limpho hajatamka neno, miezi saba, hata akijikwaa hasemi oh, ila akiona mkasi tu... mwalimu wake akaniita, "Bibi, leo kamnyoa mwenzake wa dawati moja, nusu kichwa, mama wa huyo mwenzake anataka kunila mimi, Limpho asipoongea hadi shule ifunguliwe muhula ujao hatuna nafasi yake", kumbe kunyamaza ni kosa, nilimjibu, mbona wewe unayeropoka mchana kutwa hufukuzwi... na Mpolokeng naye, binti yangu, maiti hakasirikiwi, najua, mimi nimemkasirikia, unakohoa mwaka mzima, vumbi la kiwanda mama, vumbi tu, unamdanganya nani, mimi niliyekuzaa, na hata jina langu ni wewe, mama wa Mpolokeng, kila anayeniita bombani anakuita wewe, na mtoto anasikia... "Tazama mikono yake, mama," Lineo ananong'ona, "usiseme kitu," nitazame nini, wanasesere?, Limpho amemfunga mmoja kwa kitambaa, mzima mzima, hata uso, anachimba mchanga kwa kijiko, anamlaza, anamgeuza uso uelekee dirisha la jua la asubuhi, sawasawa na tunavyowalaza maiti wetu, hata Mosele angekosea hapo, anafukia, anashindilia kwa kiganja, ndipo anashika mkasi wa plastiki na kuwanyoa waliobaki, mmoja mmoja, mkubwa kwanza... nani kamfundisha, siku ile tulimfungia kwa jirani, ng'ambo ya ua wa mishubiri, na mishubiri ina mianya, mjinga mimi, ina mianya, aliona, aliona yote, akarudi jioni tukamwambia chawa, akatutazama vichwa vyetu vimeng'aa kama vibuyu, akajua bibi zake waongo, au hapana... hapana, akadhani sisi ndio hatuwezi kuambiwa, bibi akiambiwa atavunjika, akafunga mdomo lisije likamtoka, mtoto wa miaka sita amenificha mimi msiba wangu mwenyewe, nitamkata ulimi Mosele, lakini Mosele alisema mara moja, ya Gauteng niliyasema mimi, kila Jumapili, mama yako anakusalimu, mama yako ataleta viatu, mdomo huu huu... "Mama?", Lineo bado anangoja, bado kajilaza palepale, na chawa si anachouliza, wala hakuwa anauliza chawa kweli, anachongoja ni maneno matatu, mama yako amekufa, na nitayasema mimi, si yeye, damu ni yangu, nitashuka kwenye kiti hiki cha kijinga, magoti yatalia, yalie, nikae mchangani ubavuni pa kaburi, kwa sababu huyu mtoto anamzika mama yake peke yake miezi saba, na hakuna mtu mzima hata mmoja aliyekwenda naye mazikoni.