Diski Yenye Uzi Mwekundu

"Usiiwashe tena," shemeji alisema, akiichomoa diski kutoka tumboni mwa kompyuta. "Kila ukiiwasha unazidi kuimaliza."

Fundi wa darizi alirudisha mkono nyuma. Tangu asubuhi alikuwa akiibembeleza mashine ile na kuitukana kimoyomoyo, nayo ikimjibu kwa mlio uleule: tk, tk, tk, kisha kimya. Ndani yake ilikuwamo michoro yote ya dada yake. Maua, pindo za mashuka, herufi za majina ya maharusi. Dada alichora kwenye kompyuta, yeye akashona kwa mashine ya darizi inayoufuata mchoro. Ndivyo walivyogawana kazi miaka yote, mpaka kiharusi kilipouchukua mkono wa kulia wa dada. Kushona kungeendelea. Kuchora, hakuna aliyethubutu kukutaja mbele yake.

Dada alikuwa amekaa dirishani, mkono umelala mapajani. Mumewe, yaani shemeji, dereva wa lori aliyestaafu na kuhamia kwenye kompyuta kwa kukosa boneti ya kufungua, alikuwa amekuja na kompyuta yake ya mkononi, diski moja tupu, na programu huria ya kunakili diski.

"Nani kaitengeneza?" Fundi aliuliza.

"Watu tu. Siwajui, hawanijui. Wameitengeneza wakaiacha wazi, anayetaka achukue."

"Bure?"

"Bure, shemeji. Si wote wana roho ya ukoo wenu."

Dada alicheka kwa upande mmoja wa mdomo. Fundi hakukumbuka mara ya mwisho alipoisikia sauti hiyo, akamsamehe shemeji papo hapo.

Programu ile, shemeji alieleza, hainakili mchoro mmoja mmoja. Huichukua diski nzima kama ilivyo. Huanza na sehemu zinazosomeka kwa urahisi, zilizoumia huziruka, kisha huzirudia polepole, tena na tena, hadi zikubali au zikatae kabisa. Diski zenyewe zilifanana kama mapacha, kwa hiyo alichukua uzi mwekundu mezani akaifunga ile mbovu. Akachomeka ile isiyo na uzi kwanza, yenye uzi ikafuata.

"Bofya wewe, mali ni yenu. Chagua nakala inakotoka, na inakokwenda. Basi." Akaenda kunawa vumbi mikononi.

Katika chumba kile, uzi mwekundu ulikuwa alama ya kitambaa kipya kinachosubiri sindano. Fundi hakufikiri mara mbili. Kutoka: ya kwanza. Kwenda: ya pili, yenye uzi. Alipobofya kuanza, maandishi yakajitokeza katikati ya kioo: *Diski unayotaka kuandikia ina vitu ndani. Vyote vitafutika. Una uhakika?*

"Shemeji," aliita, "si ulisema diski mpya ni tupu?"

"Tupu kabisa."

"Mbona hapa wanasema ina vitu?"

Shemeji alikuja mikono ikichuruzika maji. Aliangalia kioo, akaangalia uzi. "Yenye uzi ndiyo mbovu," alisema taratibu. "Nyekundu ni hatari."

"Kwetu ni kitambaa cha kushona."

Fundi alibofya *Hapana*, akakaa chini. Mahali fulani mtu aliyekaa mbele ya meza yake alimfikiria yeye, mwanamke asiyemjua, mwenye haraka na hofu, akamwekea swali njiani.

"Mungu amtunze," alisema kwa sauti.

"Nani?" dada aliuliza.

"Aliyeandika hili swali."

Shemeji alibadilisha machaguo, wakayasoma wote wawili kwa sauti, ndipo kazi ikaanza. Ilichukua mchana mzima. Mstari wa kijani ulisogea, ukakwama, ukasogea. Fundi alipiga pasi mashuka yaliyokwisha pigwa pasi.

Nakala ilipofunguka, maua yalitokea moja baada ya jingine, na Fundi akalia bila kujificha, huku akimshukuru shemeji, akiwashukuru wale watu wasiojulikana, akiishukuru hata diski mbovu kwa kujikaza. Kulikosekana kitu kimoja tu: ua la mwisho alilochora dada kabla hajaugua lilirudi bila jani lake. Sehemu ile ya diski ilikuwa imekataa.

"Nitalishona hivihivi," Fundi alisema. "Linapendeza."

"Ua gani hilo lisilo na jani?" dada alisema. "Nisogezeni."

Wakakisogeza kiti. Aliuweka mkono wa kulia juu ya mausi, wa kushoto ukaushika kwa juu. Mstari ukatoka ukiyumba, ukapanda, ukakatika, ukaendelea. Shemeji alijishughulisha na waya ambao haukuwa na tatizo lolote. Dada alipomaliza, jasho lilimlowesha paji la uso, na mstari wa jani ulikuwa umerudi ulipoanzia.

Kulikuwa na kitufe cha kunyoosha mistari. Mshale wa Fundi ulikifikia, ukasimama, ukaondoka. Alitandika kitambaa cheupe chini ya mashine ya darizi, akakaza fremu, akaiwasha. Sindano ikamaliza ua, ikavuka hadi kwenye jani, ikaanza kuyumba.